Niliwatawanya wakulima kwenye ramani, dereva akafukuzwa kazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na jina langu usilitaje. Mimi ni kijana wa Malangali hapa Sumbawanga, natengeneza programu za simu, na msimu huu tajiri mmoja wa mbolea alinipa kazi ya ramani, kila shamba la mteja liwe na alama yake ili lori lifikishe mbolea hadi shambani, sasa mimi badala ya kupita shamba kwa shamba kule kijijini Milepa nikawasubiri watu watoke misa ya Jumapili, nikawaandikisha wote arobaini palepale uwanja wa kanisa, na simu ikarekodi mahali tuliposimama kana kwamba ndipo penye shamba la kila mmoja. Kufungua ramani, alama zote zimerundikana juu ya kanisa! Kesho yake tajiri anataka kuona kazi, basi nikazisogeza kwa kidole, moja huku nyingine kule, ramani ikapendeza, nikasifiwa.

Dereva wa lori, Enock, akazunguka porini siku mbili akifuata alama zangu, akarudi na mbolea yote. Akasema ramani ni ya uongo. Tajiri akamwambia, "Mwongo ni wewe, ulikuwa baani." Akanigeukia, "Ramani ina shida?" Nikajibu, "Haina, bosi." Enock akafukuzwa, wakulima wakapanda bila mbolea. Na Enock ni jirani yangu, mshauri, mkewe Edith ananisalimia vizuri kila asubuhi, nafsi inanisuta, lakini nikisema nakosa kazi na ndiyo kwanza nimeoa. Nifanyeje?

JIBU

Kijana, pole, ingawa pole kubwa naiweka kwa Enock. Kuwaandikisha watu kanisani ni uvivu, na mvivu husamehewa. Kusogeza alama kwa kidole ni uongo, na lile "haina, bosi" ndilo lililomtoa mwenzako kazini. Usinililie ndoa changa, Edith naye ana mume.

Leo hii nenda kwa Enock, umwambie mbele ya mkewe. Kisha mwende wote kwa tajiri, ufungue ramani umwonyeshe ulichofanya. Usitume ujumbe, nenda kwa miguu yako. Alama zile zifute zote, usibakize hata moja ya kubahatisha, halafu teremka Milepa usimame katika kila shamba na mwenye shamba, ndipo uweke alama. Watakutukana. Wasikilize, na mahindi yao yaliyogeuka njano kwa kukosa mbolea uyaone.

Ndiyo, huenda ukafukuzwa. Enock alikwenda kila mahali ulipomtuma, akafukuzwa. Wewe hukwenda popote, na bado unalipwa.