Ijumaa Simu Yako Haikupatikana

Mdogo wangu Shabani,

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, ndoa yangu na Mussa haikufungwa kwa sababu simu yako haikupatikana. Nasema haya mbele ya ukoo mzima hapa kwenye kundi letu la simu, maana meseji nilizokutumia pembeni hujibu. Nakala nimempa dereva anayekuletea mabomba huko Mkange, usije ukasema hukuiona.

Tangu baba afariki, wewe ndiye walii wangu, mwenye idhini ya kuniozesha. Tulikubaliana: kazi ya kisima haikuachii nafasi ya kuja, basi utapiga, sheikh akusikie ukimwachia baba mdogo aniozeshe. Neno la dakika moja. Badala yake nilikaa uani Kaole na hina mbichi mikononi, shangazi akinishikia simu sikioni, na kila tukipiga, haipatikani. Wanawake walianza kucheka kwa adabu, kisha bila adabu. "Wenzio wanatafuta mume. Wewe mume unaye, unatafuta mtandao!" Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Baba mdogo alimsihi sheikh amalize tu. "Ndugu yake yupo hai na akili zake timamu," sheikh akamjibu, "siwezi kumruka. Na maandishi sitaki, mtu yeyote anaandika. Nipe sauti." Pilau ya watu mia na ishirini ikaliwa bila ndoa. Mussa aliwasindikiza wageni hadi barabarani kama mwenye msiba.

Jioni ukaniandikia: "Dada samahani, mtandao." Maneno matatu.

Shabani, mtandao wa porini naujua kwa sababu yako. Simu yako ya kwanza, kiswaswadu cha vitufe, nilikununulia mimi, nikiwa bado nauza barafu kwa ndoo, sina hata jokofu la kwangu. Uliondoka nacho kwenda kibarua cha visima, na hakuna pori lililokushinda. Ulinifundisha mwenyewe: "Zima data dada, piga ya kawaida, ukishaipata usisogee." Ulinipigia ukiwa juu ya tangi. Ulinipigia ukiwa juu ya lori, unapiga kelele, "Shikamoo dada, sema haraka nisianguke!" Na siku ile maji yalipotoka baada ya mashimo mawili makavu, ulinipigia. Ulisogeza simu kwenye bomba, nikayasikia yakimwagika na watu wakipiga vigelegele. Nililia pale pale dukani, wateja wakadhani nimefiwa.

Mtu huyo ndiye aliyekosa pa kusimama siku ya ndoa yangu?

Jumamosi asubuhi uliweka picha ya mtambo, umeandika "Kazi kazi". Nikapiga papo hapo. Iliita. Iliita mpaka ikakatika. Hapo hesabu yangu ikagoma.

Nimekumbuka nilipomleta Mussa nyumbani. "Ana watoto watatu huyu, dada," ulininong'oneza. Nikakwambia mimi nina miaka arobaini na mbili, tumetoshana. Ukacheka. Sasa najiuliza ulicheka nini. Kama humtaki, ungeniambia usoni. Ningenuna siku mbili, kisha tungezungumza. Kujificha nyuma ya mnara wa simu ni kuniaibisha mimi na kumdhalilisha yeye, ambaye hadi leo anakutetea. Nilipomwambia simu iliita, alisema labda ulikuwa karibu na mtambo, kelele. Mimi sina moyo wa hivyo.

Sheikh ameniambia walii akijificha, kadhi anaweza kuniozesha. Najua. Lakini baba alituacha wawili tu, na sitaki kuolewa kwa mkono wa mtu wa ofisini wakati ndugu yangu yu hai, umbali wa safari ya asubuhi moja.

Dereva anarudi Jumatano, panda naye. Usipoweza, piga. Alhamisi baada ya adhuhuri sheikh na baba mdogo watakuwa barazani kwangu, na simu itakuwa mbele yao. Habari ya mtandao sitaki kuisikia. Kabla ya adhana ya alasiri siku hiyo nijibu moja, kwa sauti yako: unaniozesha kwa Mussa, au hutaki?

Dada yako wa tumbo moja.