Ringi la Tano

Karatu, 3 Juni 2025

Kaka Bartolomeo,

Ringi la tano la lori la Baba lilipotea Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2008, siku tulipoanua matanga yake. Asubuhi lilikuwa limeegemea ghala. Saa tisa alasiri halikuwapo, na wewe hukuwapo. Leo ni miaka kumi na sita na karibu miezi kumi.

Baada ya hayo, shikamoo. Natumaini u mzima huko Soitsambu, na waumini wako pia, maana nasikia siku hizi wewe ni katekista. Sisi wazima. Selina anakusalimu; mke wangu ana roho nzuri kuliko mimi.

Nakuandikia kwa sababu lori nalifufua. Wewe ulizunguka na Baba njia zote ukiwa utingo wake. Mimi nilibaki nyumbani nikajifunza gari kwa kulifungua. Gereji hii ya magari ya watalii sikujengewa na mtu. Kwa hiyo kazi nimeifanya inavyotakiwa. Nimekwangua bluu ya Baba, nikakwangua kijivu, nikakwangua nyekundu ya mzungu wa shamba la Oldeani, mpaka nikafika kijani cha jeshi cha mwaka 1942. Mlangoni imetokea herufi moja na tarakimu saba nyeupe. Kioo cha mbele nimekirudisha kikiinamia ndani, kama kilivyotoka kiwandani Kanada. Hakuna hata skrubu moja ya kisasa. Lori zima ni kijani, mpaka nati ya mwisho.

Maringi manne ninayo. La tano nimelitafuta kwa wauza vyuma chakavu wa Arusha safari kumi na moja. Tairi mpya zimeshaingia; Jumamosi tarehe 21 najaza upepo, kisha nafungua magurudumu moja moja nisafishe breki. Lakini lori la vita bila spea halijakamilika. Uliliuzia nani? Nataka jina tu.

Mdogo wako,
Hilary


Soitsambu, 19 Juni 2025

Mdogo wangu Hilary,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Huku wazima, ila mvua zimekatika mapema na ng'ombe wanafuata majani mbali. Barua yako ililala parokiani wiki mbili, nimeipata leo. Nimekupigia mara sita. Nadhani namba yangu bado umeizuia tangu harusi ya dada yetu Eva. Basi namtuma mama jirani yangu, Nalangu, kwa basi la kesho. Nimemwambia asimpe mtu barua hii ila wewe, mkononi.

Soma hili kwanza. Kila ringi la lori lile ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja. Nati sita za duara la ndani ndizo za kufungulia gurudumu. Zile kumi na mbili za duara la nje zimeshika vipande. Ukizilegeza wakati tairi lina upepo, kipande kinaruka na kichwa chako. Ndiyo maana jeshi walizipaka nyekundu. Wewe umeikwangua ukidhani ni nyekundu ya mzungu. Toa upepo kwanza.

Sasa hilo la tano. Halikuuzwa. Baba aliona ufa ubavuni mwa ringi wiki moja kabla hajalazwa, akaniambia, "Liondoe hapa kabla Hilary hajalijaza upepo." Siku ya matanga ulikuwa unawatangazia watu kwamba lori litatembea kabla ya Krismasi. Nikakuita pembeni nikueleze. Ulinijibu kwa sauti, wajomba wakisikia: "Utingo hamfundishi fundi." Wakacheka. Nikalipakia kwenye lori la ng'ombe nikaondoka nalo, na kwa hasira sikutaka kueleza mara ya pili. Hapo nilikosa. Nilikuacha uniite mwizi kuliko kushika kalamu.

Limetundikwa nje ya kanisa la kigango chetu. Ndiyo kengele. Kila Jumapili saa mbili nalipiga kwa bolti, na japo ufa unalikohoza kidogo, wanalisikia ng'ambo ya bonde.

Kaka yako,
Bartolomeo


Karatu, 24 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Natumaini Nalangu amerudi salama, na kwamba amekusimulia, maana mimi naona aibu kusimulia.

Alinikuta Ijumaa saa nane mchana. Sikuwa nimengoja Jumamosi. Tairi mbili zilikuwa tayari zimejaa, na spana ilikuwa juu ya nati ya duara la nje. Magari ya watalii hayana maduara mawili, nikaanza na iliyo karibu na mkono. Selina alitaka kumpokelea ile barua. Mama yule akakataa. Akasimama juu yangu, ameishika tu, mpaka nikaweka spana chini nikanyoosha mkono.

Nilisoma mpaka "kichwa chako", nikakaa palepale sakafuni. Selina akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ndiyo maana nimekaa.

Upepo nimeutoa wote. Nati arobaini na nane nimezirudishia nyekundu kwa mkono wangu. Kengele iache ilie hapo ilipo.

Harusini kwa Eva nilikuita mwizi nikiwa na kipaza sauti, mbele ya watu mia mbili na kumi. Nimewaambia ukweli watu kumi na wanne hadi leo, nikianza na Eva mwenyewe. Nitawamaliza. Lakini kinyongo kimoja ninacho na sikifichi: miaka kumi na sita ni mingi kwa karatasi moja, Kaka.

Namba yako nimeifungua. Injini imewaka jana. Jumamosi tarehe 5 Julai lori linakwenda Kansay, kwenye kaburi la Baba. Njiani kuna milima miwili, na mimi kurudisha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili siwezi. Nimejaribu mara kumi na tisa, imeingia mara mbili. Zilizobaki inasaga kama mashine ya unga. Inataka klachi mara mbili na sikio, na sikio hilo Baba alikupa wewe. Sitaki dereva wa kukodi na sitaki maelekezo kwa simu.

Utaliendesha, au huliendeshi? Nataka ndiyo au hapana kabla ya Alhamisi tarehe 3, saa kumi jioni.

Mdogo wako,
Hilary