Zimwi Aliyepika Uji

Ilomba, Mbeya
Juni 1976

Kaka yangu mpendwa Asukile,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Iringa, pamoja na wifi Helena na watoto, na kile kifua chako kiwe kimepoa. Huku baridi ya mwaka huu haina adabu, maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole, lakini mimi na wanangu hatujambo. Mgonjwa ni mmoja tu, nawe unamjua.

Bartholomeo alipopita na lori alinipa majibu yako: kwamba mama yako alikufa zamani, na huyu Mama Benedicta ni mke wa marehemu baba, basi. Nililia, nikakasirika, kisha nikachukua kalamu. Kaka, nakuomba uje umwone. Hospitali wamesema tumrudishe nyumbani, na maana ya maneno hayo unaijua.

Sikufichi ubaya wake. Kidole chako kisichonyooka ni kazi ya mwiko wake, nami nilikuwepo. Lakini ngoja nikusimulie yaliyotokea darasani, maana wewe hadithi hujawahi kuikataa.

Nafundisha elimu ya watu wazima siku hizi. Vitabu ni haba, tukaambiwa tuandike wenyewe hadithi za kwetu kwa herufi kubwa. Nikachagua ile ya bibi, ya zimwi la kike la mlimani lililoiba watoto likawa linawanenepesha ili liwale, mpaka wajomba zao wakaja na mapanga. Katikati nikakwama. Zimwi gani hilo lenye njaa, linapika uji kila asubuhi, misimu inapita, na halili mtu? Basi nikaandika kwamba kila mavuno aliwapapasa mbavu akajiambia bado wamekonda, akawaongezea maziwa. Nikaandika kwamba aliwahi kuzaa na kuzika, na kwamba aliwapiga walipousogelea mlango kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumzuia mtu asiondoke. Mwalimu Saulo, mwenzangu, alinicheka, akasema nalisafisha zimwi. Nikamjibu kwamba kuwa na sababu si kuwa na haki. Mwisho wa bibi sikuugusa: wajomba walifika, zimwi akafa.

Mama Benedicta naye alikuwa mwanafunzi wetu, wakati huo bado ana nguvu, anakaa mbele na miwani ya kuazima. Zamu yake ilipofika akasoma polepole, “zimwi alilia.” Saulo akamkatiza, akafuta ubaoni, akaandika “lililia.” Akaeleza kwamba hata wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, mtu ni “a”, jitu baya ni “li”. Mama akauliza wale watoto kesho yake walipikiwa na nani. Darasa zima likacheka.

Tuliporudi nyumbani aliniita jikoni. Unakumbuka baba alipotuhamisha kutoka mjini kwenda kwake Rungwe, mama hakujua Kiswahili hata kidogo, nasi tukakifanya lugha ya siri. Akitokea shambani ulikuwa unasema, “Limerudi,” na sote tunanyamaza. Kumbe siku moja alimwuliza jirani maana ya neno hilo, na jirani akamwambia husemwa ukungu ukiondoka, jua likatoka tena. Kaka, miaka yote hiyo aliamini tunamwita jua. Ndiyo maana alikuwa anaingia ndani anatabasamu, na sisi tukazidi kumcheka kwa tabasamu hilo. Sasa Saulo alikuwa amemfundisha “li” nyingine. Akaniuliza, kwa Kinyakyusa ili asikosee hata neno moja, ni ipi kati ya hizo mbili uliyokuwa unaisema wewe.

Nilimwambia ni jua. Akaniuliza tena, nikaapa kwa jina la baba. Nimemdanganya mtu anayekufa, kaka, tena nimemdanganya kwa kinywa chako, na moyo unaniuma ninapoyaandika haya. Lakini ungeuona uso wake! Tangu siku hiyo, kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa kwamba Asukile akiwa mdogo alimwita jua. Benedicta wa watu, mwiko wake na yote, hana kingine cha kujivunia.

Njoo. Njoo na hasira zako zote, sikuombi umsamehe. Keti naye tu, na akikutajia habari ya jua usiniumbue. Na kama moyo wako umekataa kabisa, basi nakusihi, yale uliyomwambia Bartholomeo usiyaandike. Barua zinazofika hapa siku hizi anazifungua mwenyewe, na anasoma vizuri.

Mpe wifi mkono wangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akuangalie, kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Marta