Mjomba, Viti Vilitoka Mara Ngapi?

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Simu zangu hupokei tangu ulipopanda basi la Handeni bila kuniaga, miaka miwili sasa, kwa hiyo nimeona niandike. Barua hii si yako peke yako. Wapo wengine watakaoisikia, na sababu yake nitakueleza kabla sijamaliza.

Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Ulikuja kunichukua, ukanileta Ngombezi, kwenye chumba chako cha kambi ya mkonge. Ulikuwa unarudi kutoka kiwandani nywele zimejaa nyuzi nyeupe, na kabla hujavua viatu unaniuliza, "Umekula?" Nilipofaulu darasa la saba ulinipakia kwenye baiskeli tukaenda Korogwe mjini kununua viatu vya shule. Mwenye duka alikosea chenji, akatuzidishia elfu mbili. Tulikuwa tumeshafika nusu ya njia ulipoihesabu. Ukageuza baiskeli kwenye jua lile.

"Si yetu hii," ulisema, na mimi nyuma nilinuna kwa sababu nilikuwa na njaa.

Basi sisi vijana tulipoanzisha kikundi, tukachangishana kila wiki mpaka tukapata viti sitini vya plastiki na turubai moja vya kukodisha, hakuna aliyesumbuka kufikiri nani awe mlezi. Wewe ulikuwa na stoo. Daftari ukaandika wewe, na wateja wakalipa kwa simu kwenye namba yako. Mimi nilikuwa katibu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa analipwa, na nadhani hapo ndipo tulipojidanganya. Tuliona anayejitolea bure hawezi kuiba.

Unakumbuka Jumatatu ile ya kiangazi nilipokuja kuchukua viti vya maulidi? Nilivikuta vimeoshwa, vingine bado vina maji. Daftari lilionyesha havijatoka kwa wiki tatu.

"Mjomba, viti vilikwenda wapi?"

"Viende wapi? Vumbi tu hilo, nimeviosha."

Nikaitikia. Lakini njia nzima nilikuwa nafikiria. Maji yenyewe tulikuwa tunanunua kwa ndoo, na wewe ulikuwa unanigombeza nikioga mara mbili. Nani anaosha viti sitini kwa maji ya kununua, kwa ajili ya vumbi? Nilipogeuza kiti kimoja nikaona punje ya pilau imekaukia chini, kwenye kona ambayo kitambaa hakifiki. Niliibandua kwa ukucha. Sikumwambia mtu.

Kuanzia siku hiyo sikukuangalia tena kama zamani. Nilivifunga viti kwa kamba ya katani, fundo langu mwenyewe, halafu kila nikipita stoo nalitazama. Wiki ya pili nikakuta fundo jingine. Daftari kimya. Asubuhi nakuamkia, jioni nakupakulia ugali, na huku macho yangu yako kwenye simu yako kila inapolia. Ulinunua redio mpya, nikajiuliza ni ya hela gani. Ulimpa jirani nauli ya kwenda hospitali, nikajiuliza tena. Mjomba, kumshuku mtu aliyekulea ni kazi inayochosha kuliko kukata mkonge. Hata jambo jema ulilofanya nililipekua.

Kisha nikaenda Vugiri, kwenye harusi ya dada wa mfanyakazi mwenzangu wa kiwandani. Nilikaa, nikapitisha mkono chini ya kiti bila hata kufikiri, nikakuta alama ya rangi ya kijani tuliyopaka sisi. Nikamuuliza baba wa bibi harusi, kwa upole, wamevipata wapi viti vizuri hivi.

"Kwa mzee mmoja wa Ngombezi," alisema. "Muungwana sana. Elfu thelathini ya viti, arobaini ya turubai. Tumemtumia kwa simu jana."

Nilirudisha sahani ikiwa imejaa. Mwenzangu akadhani naumwa.

Nilikaa na jambo lile wiki tatu. Nilitaka uniambie mwenyewe. Kila jioni nilikuwa nakupa nafasi, nakuuliza habari za kikundi, unajibu, "Wateja hakuna siku hizi." Ndipo nikasimama kwenye kikao, nikasema mbele ya watu wote nilichokiona Vugiri.

Nakumbuka ulivyonitazama. "Mtoto niliyemlea mimi ndiye ananihoji?"

Nusu ya kikao walikuwa upande wako. Mmoja aliniambia nina laana, mwingine akasema mzee hahojiwi namna hiyo, kama yapo mazungumzo yakafanyike nyumbani. Ramadhani, mwenyekiti wetu, ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Mzee, tunaomba tuone meseji za simu." Uliiweka simu mezani. Meseji zote za mwaka ule zilikuwa zimefutwa.

"Mara tatu tu," ulisema. "Nilikuwa na shida."

"Shida gani, mjomba?" niliuliza. Hukunijibu siku ile, na mpaka leo sijui.

Uliuza baiskeli na mbuzi wawili ukalipa hizo mara tatu, kisha ukaondoka.

Sisi tuliobaki tulibadilisha mambo, polepole na kwa ugomvi mwingi. Kwanza tulitaka kutafuta tu mzee mwingine mwaminifu. Zaina, tuliyemchagua mweka hazina, akakataa. "Na huyo akishindwa, tutatafuta wa tatu?" alisema. Sasa funguo ziko kwa mtu mmoja na daftari kwa mwingine. Hela inaingia benki kwenye akaunti ya kikundi, haitoki bila sahihi tatu, na mteja hapewi kiti bila risiti. Kila kikao Zaina anasoma kwa sauti kilichoingia na kilichotoka, na yeyote anaruhusiwa kuuliza, hata aliyejiunga jana. Mwanzoni tuliona aibu. Mwezi uliopita Zaina aliniuliza mimi kuhusu elfu nne ya nauli niliyotumia bila risiti. Damu ilinipanda, mjomba. Nilikaribia kusema, "Mimi ndiye unanihoji?" Badala yake nikatoa hela, nikairudisha.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya elfu nne.

Ulipokwenda Handeni sikuacha kuuliza. Nilipita Vugiri tena, nikapita mitaa ya Korogwe, nikawauliza watu walioozesha na waliozika mwaka ule viti walitoa wapi. Nilitaka kuhakikisha ulisema kweli, ili nikupigie simu nikuombe radhi kwa ukali wangu. Hazikuwa mara tatu, mjomba. Zilikuwa saba, nazo ni hizo nilizozipata mimi kwa miguu yangu.

Sikumwambia mtu. Niliiandika kwenye karatasi, nikaichoma kwenye jiko la mkaa. Nilijiambia umeshaaibika vya kutosha, na kwamba wewe ni baba yangu. Vikao vyote hivi nimekaa mbele ya wenzangu nikihubiri risiti, huku nne zako nimezikalia. Wenye hela hiyo ni vijana wanaokata mkonge kwa jua, nami niliamua peke yangu kwamba hawahitaji kujua.

Jumapili nitawasomea barua hii yote kabla ya kumpa konda wa basi akuletee. Nimemwomba Zaina anipishe nianze mimi kabla ya hesabu zake, hakuuliza kwa nini. Hizo nne nitaanza kuzilipa mimi kwenye mshahara wangu wa kiwandani. Wakitaka kunitoa kwenye ukatibu nitawapa muhuri palepale.

Bado siwezi kukuamini, mjomba, na sitaki kukudanganya kwa hilo. Lakini nimechoka kula peke yangu. Ukija, njoo uniambie ilikuwa shida gani. Usipotaka kusema, njoo hivyohivyo.

Mpwa wako, uliyemlea.