Kiti cha Fundi wa Simu

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Leo kwenye maonyesho ya mtaa, banda la kanisa letu, ile huduma yetu kwa walemavu. Maiki nimeshika mimi. Tuliazima viti vya magurudumu ili watu wakae, wazunguke uwanja, waonje maisha ya ndugu zetu. Nikaona kimoja kiko kando ya benchi. Nikajua ni chetu, nikakichukua, nikawapa watoto.

KILIKUWA CHA MTU.

Cha yule fundi wa simu, mcheshi yule. Alikuwa amehamia kwenye benchi asikilize kwaya. Watoto wanashindana mbio kwa kiti chake, na mimi natangaza, "Oneni wenzetu wanavyoteseka!"

Akanivuta sketi. "Dada, kiti..." Nikadhani anataka maombi. Nikamwekea mkono kichwani, nikamwombea. Kwenye maiki, mwenzangu! Kila akifungua mdomo, mimi napandisha sauti.

Nilipofika amina, akasema taratibu, na maiki ikanasa kila neno:

"Dada, mimi nilikuja hapa mwenyewe, bila kusaidiwa. Sasa nataka kwenda msalani, na miguu yangu umewapa watoto wachezee."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kiti kikarudi kimebandikwa stika yetu mgongoni: "Yesu anakupenda." Hata hakunigombeza. Aliibandua polepole, akanipa mkononi, akaenda zake.

Ninayo hadi sasa. Kuitupa siwezi. Kuibandika, nitaibandika wapi?