Ufunguo wa Mkatale

Corey, usinipigie, andika tu. Nimefungwa. Niko kwenye mkatale wetu pale uani kwa makumbusho, miguu yote miwili imebanwa katikati ya mbao.

Si unajua huwa najifunga mwenyewe, nampa mgeni mmoja ufunguo aushike, halafu nasimulia kisa cha Mehitabel aliyekaa humu kwenye theluji mwaka 1671 kwa kumsema mchungaji? Watu hulia kabisa.

Leo ufunguo nimempa bibi mmoja mpole.

Akaniuliza, "Mwanangu, hicho kisa umekisoma wapi?" Nikasema kwenye kitabu cha mahakama ya mji.

"Kitabu hicho nimekitunza miaka thelathini na moja," akasema. "Mehitabel yuko ukurasa gani?"

Ukurasa gani, Corey. Mbele ya watu wote. Ukurasa gani.

Wenzake wameenda kula. Yeye kabaki, kaketi mbele yangu anamenya yai. Nikamwambia, "Bibi, nifungulie, miguu imekufa ganzi." Akasema, "Zamani walikaa humo mpaka wakiri."

Basi nikakiri. Nikamwambia Mehitabel nimemtunga mimi, kwa sababu aliyefungwa humu kweli ni mwizi wa nguruwe, na kisa chake kilikuwa kinawapa watu usingizi.

Akatia ufunguo kwenye kufuli. Nikashusha pumzi.

Akauchomoa tena. "Haya, nisimulie huyo mwizi. Ukinifanya nilie, nafungua."

Corey, wewe ndiye ulinisomea ule ukurasa wa mwizi kitabuni, nami sikuwa nasikiliza. Huyo nguruwe alikuwa wa nani?