Mama wa Kalenga Aliyefumba Macho

Ilomba, Mbeya

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo huku; mama yako kamaliza kuvuna viazi. Umeniuliza kama somo la magonjwa ya neva, yaani mishipa ya fahamu, lilinisumbua nami kwenye mtihani wa uuguzi, kama linavyokusumbua wewe.

Ile miaka ya hamsini, kule Iringa, siku ya mtihani wangu, daktari aliyekuwa akinitahini aliniambia nimpime mama mmoja wa Kalenga. Nikamwambia mama asimame, afumbe macho. Akaanza kuyumba. Nikamgeukia daktari kueleza ni ugonjwa gani wa neva unaomyumbisha, na nyuma yangu mama akaanguka.

"Jibu ni sahihi," daktari akasema, "lakini mgonjwa yuko chini."

Nilipomwinua, mama akaninong'oneza, "Nilijua nitaanguka, mwanangu. Nilidhani utanidaka."

Nikafeli, nikarudia mwaka. Tangu hapo, kila nilipomsimamisha mgonjwa, nilisimama karibu naye.

Nakuombea,
Bibi Tusekile